Ukimya nao unapigwa

Mwanangu,

Umeniuliza kama ska ya Kikristo, yaani ule muziki wa dansi wa Jamaika uliotiwa maneno ya imani, inafaa ibadani, maana tangu uwagundue bendi ya Five Iron Frenzy wa hapo Denver husikii la mtu. Kwanza niambie: gitaa umelisikia linaingia wapi? Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gitaa liko kwenye kila "na". Mkono unapanda, unagusa nyuzi tatu nyembamba, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuziachia, sauti ikatike. Zikivuma tu, ska imekufa. Ukimya nao unapigwa. Nimewaimbia hilo tangu mkiwa wadogo.

Mjomba wako hakulisikia. Ile Pasaka tulipoijaribu ska kanisani, yeye na gitaa lake aliukamata wimbo kwenye ufunguo wa A, kwa sababu vidole vyake vimezoea A. Tarumbeta ya Bb na saksafoni ya alto husoma noti katika ufunguo tofauti na wa gitaa, basi mpiga tarumbeta akajikuta kwenye B, shapu tano (alama za kupandisha noti, na zikizidi vidole vinapotea). Wa alto akapewa F#, shapu sita! Ubeti wa pili wote wawili kimya (na huo si ukimya ninaousema mimi), na mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba uhuni umejiumbua. Linaniuma mpaka leo. Uhuni gani? Ufunguo tu! Wangeshika F: tarumbeta inasoma G, alto inasoma D, tromboni inabaki F. Gitaa litalalamika, na lilalamike.

Halafu uhuni wenyewe umetoka wapi? Don Drummond na Tommy McCook, walioanzisha bendi ya ska ya Skatalites na wenzao mwaka 1964, walijifunzia muziki Alpha, shule ya wavulana ya masista wa Kikatoliki mjini Kingston. Toots Hibbert, mwimbaji mwingine wa Jamaika, alianza kuimba kanisani. Kwa hiyo bendi ya The Insyderz wa Detroit, walipotoa nyimbo za sifa kwa ska kwenye albamu ya *Skalleluia!* mwaka 1998, walikuwa wanairudisha nyumbani. Ingawa hapana, nisizidishe. Jamaika ska ilikuwa ya dansi, na hawa Wamarekani wa miaka ya tisini wameitia panki, ile roki ya fujo, kasi mpaka maneno hayashikiki. Sifa isiyosikika ni sifa ya nani?

Inafaa au haifai, muulize mchungaji wako. Mimi ninalo jibu, lakini sisemi. Ila mkiijaribu, anzeni na mapigo 120 kwa dakika, besi itembee noti moja kila pigo, na tarumbeta zingoje waimbaji wavute pumzi ndipo ziingie. Na gitaa mpe mtu mwingine, asiwe wa ukoo wa mjomba wako.

Mama