Maswali ya Wasomaji: Nina hati ya nyumba, mbona nimenyimwa mkopo?

SWALI: Nina duka, mauzo yake si haba, na nyumba yenye hati isiyo na mgogoro. Tangu nizaliwe sijadaiwa na mtu. Nimeomba mkopo wa kuongeza bidhaa, nikaambiwa sina sifa. Wanataka nini zaidi ya hati?

JIBU: Wanataka kujua rejesho litatoka wapi kila mwezi. Hati huja baadaye. Kuuza nyumba ya mkopaji ni usumbufu: mnada una gharama, kesi huweza kuvuta miaka, na kinachouzwa kwa haraka hakifikii bei ya soko. Kwa hiyo dhamana hukadiriwa chini ya thamani yake, na haizibi pengo la kipato.

Tazama afisa mikopo anavyopiga hesabu. Tuseme duka linauza 2,000,000 kwa mwezi. Anatoa 1,400,000 za bidhaa, 250,000 za pango, umeme na msaidizi, kisha 200,000 za matumizi ya nyumbani. Zinabaki 150,000. Rejesho la 150,000 hakupi, maana mwezi mmoja mbaya unatosha kukukwamisha. Akitaka kinachobaki kiwe mara 1.25 ya rejesho, kipimo cha kawaida, basi lako lisizidi 120,000. Kama uliomba kwa kuangalia zile milioni mbili, huenda ndipo ulipokwama.

Na mauzo yenyewe ayaone wapi? Yanayoishia kwenye droo ya duka hayahesabiki. Yapitishe benki walau miezi 6 mfululizo. Usizungushe fedha zilezile kati ya akaunti zako ili mzunguko uonekane mkubwa. Afisa huziondoa kwenye hesabu, na imani yake kwako inapungua.

Kutodaiwa, tunajua inauma kuisikia, hakumwambii lolote. Hana cha kukupimia. Chukua mkopo mdogo kwa mkopeshaji anayewasilisha taarifa kwenye kanzidata ya mikopo, yaani kumbukumbu za nani alikopa na alilipaje, ulipe kabla ya tarehe. Ukichelewa siku 90, kwa kawaida mkopo huitwa chechefu, yaani usiolipwa inavyotakiwa, na doa hilo hukaa miaka.

Omba pia nakala ya taarifa zako zilizo kwenye kanzidata hiyo. Kama uliwahi kumdhamini mtu, deni lake laweza kuwa limehesabiwa kwako. Ukikuta kosa, peleka pingamizi kwa maandishi pamoja na stakabadhi, kisha subiri lirekebishwe ndipo uombe tena. Usipeleke maombi kwa wakopeshaji watano kwa mpigo: kila ombi huweza kuacha alama, na zikirundikana unaonekana umebanwa.