Kumpeleka Nyanya Kilwa

Familia nyingi za Mombasa zikipata pesa ya safari ya nje hukimbilia Dubai, zikarudi na masanduku. Si vibaya. Lakini kama nyinyi ni wale ambao harusi haipiti bila mzee mmoja kueleza wahenga walivyoshuka jahazini kutoka Shirazi, nendeni kwanza Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu kule Tanzania. Tarikhi ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huo, inaitaja Mombasa kati ya pahala zilipotia nanga jahazi hizo, na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa.

Mwendo wa safari upimwe kwa magoti ya nyanya, si kwa kijana mwenye kamera.

Makaratasi yaanze miezi miwili kabla. Kila mtu awe na pasipoti, hata mtoto wa mgongoni. Kinachokwamisha mara nyingi ni majina: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaisha, kitambulisho Mwanaesha, na faili linalala. Kagueni herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya ridhaa ya yule mwingine pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, maana kadi haihesabiki kabla ya hapo. Aliyepita miaka 60 aongee na daktari kwanza. Mkienda na gari lenu, kuna kadi ya manjano nyingine, ile ya bima ya COMESA, na watu huzichanganya mpaka wafike mpakani Lunga Lunga. Ikateni kabla ya kuondoka, na mchukue logbuku halisi. Mkishavuka Horohoro, upande wa Tanzania, kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa tochi, yule mwenye kipima mwendo, hana utani.

Laleni Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Kilwa Masoko, mji wa bara wa kuvukia kisiwani, ni zaidi ya kilomita 300, na mzee akiunganisha safari yote atafika miguu imevimba. Wa basi waangalie: linaloenda Lindi au Mtwara litawashusha njia panda ya Nangurukuru, na Masoko bado iko mbele. Tena muwe na hadhari na lugha. Ukimwita nyanya kwa sauti sokoni, wenyeji watadhani unataka tungule.

Kibali cha kuingia magofuni kateni Masoko, kabla ya kupanda mashua. Halafu ulizeni maji. Watu wa Mombasa twajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapotulia, lakini tukiwa safarini twasahau. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana; mkivuka wakati yamekupwa, mashua haifiki ufukweni na nyanya itabidi akanyage tope na mawe. Chagueni siku ambayo maji yanajaa asubuhi. Likizo ya Agosti ni kusi, upepo hukaza mchana, kwa hivyo saa moja asubuhi muwe mko chomboni. Jaketi za kuokolea zihesabiwe kabla ya kulipa nauli, na ya mtoto iwe ya mtoto. Maji ya kunywa ni lita mbili kwa kila mtu mzima.

Kule kisiwani, mwongozaji atawapa miaka na majina: Msikiti Mkuu uliopanuliwa karne ya 14, Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman na birika lake la pembe nane, ngome iitwayo Gereza iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505, miaka 88 kabla ya ujenzi wa Fort Jesus kuanza. Msikilizeni. Lakini kazi ya kutaja vitu mwachieni nyanya. Aliyekulia nyumba ya Mji wa Kale anakijua kidaka cha ukutani, anaijua boriti inayobeba dari, anajua chokaa huchomwa kutokana na matumbawe. Mwambieni mtoto atafute matundu ya boriti ukutani, kisha apime chumba kwa hatua. Atakuta chembamba na kirefu. Boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi, nayo ndiyo iliyoamua upana, kule na kwetu vilevile. Pale mtoto anapoelewa hilo, ile sifa ya harusini inapata ukuta wa kuegemea.

Husuni iko mbali kidogo na msikiti, zaidi ya kilomita moja kwa miguu, kivuli hakuna. Nyanya akichoka, abaki msikitini na mtu mmoja. Husuni waende wengine. Kumburura ili picha itimie ndiko kunakoleta ugomvi wa safari nzima. Na nahodha akituma mtu kusema maji yameanza kutoka, inukeni hapo hapo, hata kama shangazi hajamaliza kupiga picha.