Kizuizi cha urujuanimno hakitaiokoa polima yako

SWALI: Natengeneza diodi za MEH-PPV, polima inayotoa mwanga ikipitishiwa umeme, katika maabara ya chuo. Kabla ya kuweka kathodi (elektrodi hasi), niliacha tando zake mezani karibu na dirisha mchana kutwa. Rangi haikubadilika sana, lakini diodi zinatoa mwanga hafifu. Je, nikibandika dirishani plastiki ya kuzuia urujuanimno, tatizo litakwisha?

JIBU: Halitakwisha, ndugu msomaji. Imani kwamba urujuanimno pekee ndio unaoharibu polima hizi nakutana nayo kila mara, na imeharibu kazi nyingi nzuri. MEH-PPV hufyonza zaidi mwanga wa takriban nanomita 500, ambao macho yetu huuona kama kijani chenye ubuluu. Ndiyo maana utando wake ni wa rangi ya machungwa iliyokolea. Plastiki unayoitaja huupitisha mwanga huo wote.

Polima ikiufyonza mahali penye hewa, nishati huhamia kwenye oksijeni, na oksijeni iliyochangamshwa hivyo hushambulia bondi maradufu za kaboni katika uti wa mnyororo, ikaukata na kuacha vikundi vya kabonili, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni. Usiamini rangi ya utando. Nishati ambayo ingetoka kama mwanga husafiri kwanza kwenye mnyororo na kurukia minyororo jirani, kwa hiyo kabonili chache tu hunasa nishati ya eneo kubwa na kuigeuza joto, huku utando ukionekana kama mpya. Madhara hayo hayarudi nyuma, na wanaoshauri kuongeza volteji ili kurudisha mng'ao wanaiharakishia diodi kifo chake.

Tengeneza tando mpya ndani ya kisanduku cha nitrojeni, chini ya taa nyekundu hafifu. Unapokausha gundi ya kuzibia diodi isiingiwe na hewa kwa taa ya urujuanimno, funika kabisa sehemu inayotoa mwanga.

Wala kuziba si kinga kamili, ingawa wauza vanishi za kupulizia huahidi hivyo. Hata pasipo oksijeni, mwanga wa muda mrefu hudhoofisha mgusano kati ya tabaka la kikaboni na elektrodi, na volteji inayohitajika hupanda polepole. Ndiyo sababu kipimo cha uhai wa diodi huhitaji sampuli pacha iliyokaa gizani ndani ya nitrojeni; bila hiyo, uchakavu uliotokana na mkondo wa umeme hautenganishwi na ule ulioletwa na taa za chumba.