Sensa ya krenki inayorudia kuharibika: neno kwa wanagenzi wa umeme wa magari

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, gari lililonifunza somo ninalotaka kuwapa lilikuwa dogo, la petroli, la mwaka 2001, na lilikuwa likizima barabarani kila injini ilipopata moto, kisha likiwaka tena bila tabu likishapoa. Kompyuta ya kupimia ilionyesha msimbo P0335, nami nikabadilisha sensa ya krenki, yaani kifaa kinachoiarifu kompyuta ya gari jinsi krenki (mhimili mkuu wa injini) inavyozunguka. Wiki chache baadaye gari likarudi na ugonjwa ule ule. Nikafunga sensa nyingine, ya bei ya juu zaidi, na mwenye gari akalipa tena. Haikupita miezi miwili akarudi.

Kosa langu lilianzia kwenye kuusoma ule msimbo. P0335 hausemi kwamba sensa imekufa, bali kwamba kuna hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa hiyo, na mzunguko huo unajumuisha waya, soketi, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) na hata kompyuta ya gari yenyewe. Ni kweli kwamba sensa yenye koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa, inaweza kushindwa ikipata moto na kupona ikipoa, na ndiyo maana nilijiamini. Lakini waya uliokatika ndani ya ganda lake huonyesha dalili hizo hizo.

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba kila sensa mpya ilileta nafuu. Nilikuja kuelewa kwamba nafuu ile ilitokana na mkono wangu, kwa sababu kila nilipochomoa soketi na kuichomeka upya niliusogeza waya uliokatika, ncha zake zikagusana kwa muda. Sili ya mbele ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa ikivuja, oili ikalilainisha ganda la waya, na mtikisiko wa injini ukamalizia kazi. Sensa mbili nilizozitoa nilizipima baadaye, zikiwa baridi na zikiwa moto, na zote zilikuwa nzima. Gharama ya ile ya pili nilimrudishia mwenye gari, kwa kuwa haikuwa haki ailipe.

Kwa hiyo, msiiguse soketi kabla ya kupima, na pimeni wakati gari limegoma, likiwa bado la moto. Tazameni kwanza mchoro wa umeme wa injini hiyo mjue aina ya sensa: yenye koili hupimwa omu zake (ukinzani wake wa umeme) na kulinganishwa na kitabu cha gari, ilhali ile ya Hall, inayohisi sumaku kwa elektroniki na ambayo kwa kawaida ina waya tatu, haipimwi omu, bali huangaliwa kama inapata volti zake, mara nyingi 5 au 12, na kama ethi yake ni safi. Kisha, gari likishawaka tena na injini ikiunguruma taratibu, tikiseni waya kidogo kidogo kuanzia kwenye soketi. Ikikatakata, mmepata mahali pa kufungua. Angalieni pia ncha ya sensa, maana sumaku hukusanya vumbi la chuma.

Kwenye gari lile nilianza na sili, kwani waya mpya ungelowa oili vile vile. Ndipo nikakata kipande kibovu, nikalehemu kingine, nikakifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na kuufunga waya mbali na ekzosti. Sensa niliiacha ile ile.