Kutumia injini kupunguza mwendo mteremkoni

Ndugu yangu, umeuliza kama ni salama kuiacha injini ndogo iliyofungwa kwenye baiskeli yako iushike mwendo unaposhuka kutoka Marangu kuja Moshi. Kwa maoni yangu inafaa, ila kwa kiasi, hasa kama injini yako ni ya kuchanganya oili na petroli kama nyingi za baiskeli.

Injini ya namna hiyo haina oili yake ya pembeni. Hulainishwa na ile iliyomo kwenye petroli inayopita. Ukiachia kabisa mkono wa mafuta (aksileta) huku klachi, yaani kiungo cha injini na gurudumu, imeshika na gurudumu linaizungusha injini kwa kasi, oili inayofika kwenye pistoni hupungua wakati ambapo msuguano ni mkubwa, na hapo ndipo pistoni huweza kukwaruzwa au hata kukwama. Kwa hiyo zungusha mkono wa mafuta kidogo kila baada ya sekunde chache, na kwenye mteremko mrefu bana klachi mara kwa mara injini ipumue.

Usitegemee nguvu nyingi pia, kwa kuwa injini hizi hushika mwendo kwa unyonge kuliko zile za pikipiki za kawaida. Breki zibane kwa vipindi, si mfululizo, maana rimu ikipata moto tyubu inaweza kupasuka. Halafu kagua spoki za nyuma: sproketi (gurudumu la meno la mnyororo wa injini) iliyofungwa kwenye spoki hizo huzivuta upande wa pili kila injini inapozuia gurudumu.