Kuwinda kulungu Wisconsin mwezi wa Novemba: jikinge hivi na baridi

Kaka, umeuliza uvae nini shemeji akikupeleka kuwinda kulungu Wisconsin, Marekani, mwezi wa Novemba, nawe hujawahi kuona theluji. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Baridi ya Limuru ya Julai isikudanganye. Kule utakaa tuli juu ya mti tangu alfajiri, na miguu ndiyo huumia kwanza. Nenda soko la mitumba la Gikomba uchague sufu: fulana ya kubana mwili, soksi, sweta. Jinzi na fulana za pamba ziache. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na baridi inakuingia hapo hapo. Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole, maana soksi mbili ndani ya buti zinazobana huzuia damu. Mkitembea, koti zito libebe mgongoni usije ukalowa jasho, ulivae ukishakaa. Hilo mimi naliona kubwa kuliko bei ya koti lenyewe.

Chupa ya chai, ndiyo. Pombe hapana kabisa: unahisi joto huku mwili ukilipoteza, tena una bunduki mkononi.

Vazi la juu la rangi ya chungwa kali au waridi kali ni sheria huko msimu wa bunduki. Leseni mwulize shemeji mapema.