Mvinje, jongoo na jiwe tupu: majibu ya maswali yenu

Lava ya zamani ya volkano ya Nyiragongo, nje ya mji, imegeuka kijivu-nyeupe kana kwamba imemwagiwa majivu. Ni nini? (Msomaji wa Goma)

Ni viumbe hai, ndugu yangu. Wanaitwa laikeni: kuvu na mwani walioungana wakaishi kama mwili mmoja. Kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kati ya virutubisho vya mimea, lava ina fosforasi na potasiamu, ila naitrojeni haina, na hiyo huvutwa kutoka hewani na bakteria waliomo ndani ya laikeni hao. Asidi yao hulainisha jiwe polepole. Wakifa, mabaki yao hujaa kwenye nyufa, na hapo makangaga hupata pa kutia mizizi.

Bamburi, Mombasa, palichimbwa mawe ya saruji. Msitu ule ulitoka wapi? (Kisauni)

Hapa mniruhusu nirefushe kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti juu ya mwamba wa matumbawe uliobaki baada ya uchimbaji. Udongo hakuna, jua kali, maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi 6 zilikuwa zimebaki 3 tu, na uliostawi kuliko yote ni mvinje. Mizizi yake huhifadhi bakteria wanaoupa naitrojeni.

Tatizo likaja kwa majani yake, yale membamba kama sindano: yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mboji, udongo wa kwanza wa mahali pale. Ndiyo maana huniuma nikiona mtu anamkanyaga jongoo shambani bila sababu.

Basi mbona mvinje hautawali milele? (Kilifi)

Mche wake hutaka jua tele, na chini ya mvinje mkubwa ni kivuli. Miti inayovumilia kivuli, ambayo mbegu zake huletwa na ndege na popo, ndiyo huota hapo.

Kiwanja changu kilisawazishwa kwa tingatinga, sasa kimejaa gugu la kishona nguo. Ning'oe? (Morogoro)

Usikimbilie jembe. Kwako udongo ungalipo, na majani hayo yanaukinga na mvua isiukokote. Yafyeke kabla hayajakomaza mbegu, uyaache yalale palepale.